Mashahidi wa Paa la Mama

Fundi aliniambia paa halihitaji kibali.

"Mwalimu, kibali ni ya nyumba," alisema, amesimama juu ya ngazi na nyundo mkononi. "Nyumba iko. Mimi natoa bati nzee, naweka mpya. Nani ataniuliza?"

Nilimwamini kwa sababu nilitaka kumwamini. Ulikuwa mwezi wa kumi, mvua zinakaribia, na mabati ya mama yalikuwa yametoboka hivi kwamba saa sita mchana jua liliingia sebuleni vidoadoa hadi kwenye kiti nilichokalia. Si kwamba siijui serikali. Nimefundisha shule za pwani miaka thelathini na mitatu, na kazi ya mwalimu ni nusu kufundisha, nusu kujaza fomu. Lakini paa la nyumba ya mama yako huwezi kulihesabu kama jambo la ofisi. Unalihesabu kama kubadilisha nguo.

Nyumba iko pembeni mwa Emali, upande wa chini wa barabara ya Mombasa. Mama alipoijenga, mji ulikuwa kule stesheni na huku kulikuwa na mashamba ya mbaazi na vichaka vya mbuzi. Sasa mji umekuja wenyewe hadi mlangoni: ploti, mageti ya chuma, vyumba vya kupanga, gereji ya malori. Dada yangu alitangulia kufariki, mama akafuata mwaka juzi. Nilipostaafu nilirudi na masanduku mawili na redio. Sina mtoto. Niliwahi kuolewa huko pwani kwa muda mfupi, na hayo hayahusiani na mabati.

Nilidhani nikirudi nyumbani nitakuwa nimerudi kwa watu. Kanisani kwa dada, ambako aliongoza kwaya mpaka sauti ikamwisha, mtumishi wa zamu alisema wageni wasimame wakaribishwe. Jirani yangu kwenye benchi akanigusa kiwiko, nikasimama. Jumapili iliyofuata nikasimamishwa tena. Ya tatu nilisimama mwenyewe bila kuguswa, nikatabasamu, nikapigiwa makofi ya wageni, nikaketi. Nilirudi nyumbani nikachemsha chai ya mtu mmoja na nikamkasirikia kila mtu, mama akiwemo.

Basi paa. Asiyetoka Ukambani anaweza kufikiri paa ni la kuzuia mvua. Kwetu ni la kuikamata. Mvua inashuka kwenye mabati, inapita kwenye mfereji, inaingia kwenye tangi, na hayo ndiyo maji yako mpaka mvua nyingine, kama ipo. Nyumba isiyo na paa haina maji. Mvua za mwezi wa kumi na moja zikinikuta wazi, ningekosa maji ya mwaka mzima, na ningelazimika kwenda kupanga chumba mjini Sultan Hamud kama mpita njia. Hilo nililiogopa kuliko kulowa. Nikitoka kwenye nyumba ile, hakuna mtu hata mmoja angeuliza nimekwenda wapi.

Paa la kwanza liliwekwa na mwethya. Mwethya ni wanawake wa kijiji kushikana mikono: leo tunalima kwako, kesho tunachimba mtaro kwangu. Kundi la mama lilikuwa la mabati. Siku ya zamu yako, kila mmoja alikuja na bati lake kichwani, na zamu ilizunguka mpaka kila nyumba ikavuliwa nyasi. Chini ya kila bati mwenyewe alitia alama yake kwa lami, ijulikane nani ametoa: msalaba, duara, nyayo za kuku, herufi kwa aliyejua kuandika. Hatukuwa na dari. Ukilala chali unawaona wote pale juu, wanawake ishirini na wanne.

Na siku ile ya kuezeka naikumbuka yote. Nilikuwa na miaka saba. Nilikaa chini ya ngazi na misumari imejaa kwenye sketi yangu, nikimpa fundi mmoja mmoja, na mama alipita na sufuria ya muthokoi, mahindi yaliyokobolewa na maharagwe, akaniambia nisichomwe. Nimeisimulia hadithi hiyo kwenye vyumba vya walimu vya shule tano. Ndiyo hadithi niliyokuwa nayo ya kwetu.

Fundi alianza Jumatatu kwa kuvua upande wa jikoni. Jumanne aligundua mbao zimeliwa na mchwa, akaanza kuzing'oa nazo. Jumatano saa nne asubuhi, watu wawili wa kaunti walipita kwa pikipiki, wakaenda mbele, wakarudi. Hawakuwa wakorofi. Walisalimia, wakauliza kibali, nikasema ni paa tu, wakaangalia zile mbao mpya zilizolala uani, wakaangaliana. Mmoja akatoa kopo la rangi nyekundu akachora mkasi mkubwa, ile alama ya X, kwenye ukuta wa mama, karibu na dirisha.

"Pole, Mwalimu," alisema akifuta brashi. "Simamisha kazi mpaka uonane na ofisi."

Niliona ni mimi nimechorwa. Fundi alikusanya vyombo vyake taratibu, bila kuniangalia, akasema nimpigie mambo yakiwa sawa. Nikabaki na nusu ya nyumba iliyo na paa na nusu iliyo na mbingu.

Afisa wa mipango wa kaunti alikuwa kijana mwembamba mwenye subira, wa umri wa wanafunzi wangu wa mwisho, na lazima nikiri alinieleza vizuri kuliko nilivyotaka kuelezwa.

"Mwalimu, hii kitu inategemea," alisema. "Ukitoa bati uweke bati, bila kuinua paa, bila kugusa ukuta, hiyo ni ukarabati. Unatuandikia barua tu tujue. Lakini ukibadilisha zile mbao zinabeba paa, hapo umegusa muundo. Hapo inatakikana plani, ichorwe na mtu amesomea, tuipitishe."

"Mchwa hawakuniuliza kama wanagusa muundo."

Alicheka kwa adabu. Alikuja kuona mwenyewe, akapima kuta, akafungua ramani kwenye simu yake, akakunja uso. "Na hii nyumba hatuna. Kwa ramani yetu hapa ni shamba tupu."

"Nimesimama ndani yake," nilisema.

"Naona, Mwalimu." Akafikiri. "Kuna njia moja. Kama nyumba ilikuwa hapa kabla mji kupanuliwa, tunaihesabu ni ya zamani. Ya zamani tunaweza kukubali ukarabati hata na mbao, bora paa ibaki na umbo lile lile. Lakini nataka barua ya naibu chifu, na watu wawili si wa familia, waseme waliona nyumba ikiezekwa. Ukikosa, inabidi tuihesabu mpya. Hapo ni plani na kungoja, na sidhani utamaliza kabla ya mvua."

Watu wawili. Kwa mtu aliyekaa kwao, hilo ni jambo la kupiga kelele tu juu ya ua. Mimi nilikaa kitandani siku nzima nikijaribu kukumbuka majina, na kila jina nililolipata lilikuwa la mtu niliyesikia kwa simu kwamba amezikwa.

Naibu chifu aliniuliza swali ambalo kila mtu hapa huuliza kabla ya kukupa kiti. "Na wewe ni wa nani?"

Nikamtajia mama.

"Ah! Kumbe wewe ndio ule wa kwaya?"

"Huyo alikuwa dada yangu. Amefariki."

"Pole sana. Sikujua alikuwa na dada," alisema, akanivutia kiti.

Shahidi wa kwanza nilimpata upesi kuliko nilivyotarajia. Sokoni Emali kuna duka la vifaa vya ujenzi la familia ya Kiislamu iliyopanda kutoka pwani zamani, na mwenye duka sasa ni mzee wa kofia na miwani minene. Kwa sababu ya Kiswahili changu cha pwani alinipokea vizuri, tukaulizana habari za watu na mitaa mpaka nikasahau shida yangu. Wanawake wale walinunua kwa baba yake, na yeye mwenyewe, kijana wakati huo, alikuwa akiwachagulia mabati dukani na kuwasindikiza hadi kwenye nyumba yenye zamu.

"Nayakumbuka, mwalimu wangu," alisema. "Mabati mazito yale, siyo haya ya siku hizi ukiyakoholea yanakunjika. Ishirini na manne. Nyumba ile ilikuwa ya mwisho, na kilima cha kuifikia kilinitoa roho."

"Mama yangu unamkumbuka?"

Alivua miwani, akaifuta, akataka kunifurahisha. "Mabati nayakumbuka sana," alisema. Akaahidi kuja kutia sahihi.

Shahidi wa pili alikuwa mmoja tu duniani, mwanamke wa mwisho wa lile kundi, na niliambiwa anaishi peke yake juu ya kilima, mwendo wa saa moja na nusu kwa miguu. Nilimkuta kivulini nyuma ya nyumba akichanganya mbegu za mbaazi na majivu. Mikono yake ilikuwa myeupe mpaka kwenye viwiko. Tulizungumza Kikamba, nami nayaandika hapa kwa Kiswahili.

"Nyumba naijua," alisema kabla sijamaliza. "Bati langu lina alama ya nyayo za kuku. Bado lipo?"

"Lipo, mama."

"Bati zuri. Nilijuta kulitoa." Akaendelea kuchanganya mbegu. "Siku ile fundi alikuwa amelewa. Tulimtoa kwenye ngazi, mama yako akapanda mwenyewe na nyundo, na mimba ya miezi sita. Yule mtoto hakukaa duniani. Tulikula muthokoi mpaka tukalala chini. Na yule msichana aliyeshika misumari, mtoto wa kuimba, hakunyamaza kutwa nzima."

"Aliyeshika misumari nilikuwa mimi," nikasema.

Aliniangalia kwa mara ya kwanza. Aliniangalia kwa muda mrefu, akitafuta kwa haki kabisa, kama mtu anayepekua mfuko wa sarafu.

"Hapana," alisema. "Wewe sikukumbuki."

Nilimbishia. Nasema hivi kwa aibu: mwanamke wa miaka sitini na mbili, niliyekwenda kuomba msaada, nilisimama kwenye uwanja wa bibi wa watu nikabishana naye. Nikamwambia kuhusu sketi. Nikamwambia mama alivyosema nisichomwe. Yeye hakupandisha sauti.

"Alimwambia huyo wa kuimba. Nilikuwa hapo. Kulikuwa na mtoto mwingine, wa pili, lakini hakuwa nyumbani. Walikuwa wamempeleka kwa mjomba, kule mbali, kwa sababu ya njaa."

Tseikuru. Lilinijia pale pale nikiwa nimefungua mdomo kubisha tena. Mwaka wa njaa mama alinipeleka kwa kaka yake Tseikuru, kaskazini kabisa ya Kitui, kwa kuwa walikuwa na mbuzi na palikuwa na maziwa. Nilikaa huko zaidi ya mwaka nikichunga. Nilikuwa na miaka saba. Niliporudi nilikuta nyumba inang'aa, na dada yangu akanisimulia ile siku chini ya zile alama, kila jioni, na nyimbo zake, mpaka nikaivaa. Sketi ilikuwa yake. Onyo la mama lilikuwa lake.

Nilishuka kile kilima nikihisi nimefilisiwa. Si kwamba nilikosa shahidi, maana bibi alikubali kuja. Nilikosa ile siku. Nilikuwa nayo moja tu.

Ijumaa tulikutana ofisini kwa naibu chifu, bibi, mzee wa duka na mimi. Bibi hajui kuandika, na mwandiko wa naibu chifu hausomeki, kwa hiyo akanisukumia karatasi. "Wewe ni mwalimu, andika tu vile anasema."

Nikaandika. Bibi alisema polepole, na mimi kwa mwandiko wangu mzuri wa ubaoni nikaandika kwamba nyumba iliezekwa na mwethya kwa mabati ishirini na manne, kabla ya ploti yoyote kupimwa. Kwamba waliokuwepo ni wanawake wa kundi, fundi mlevi, mama mwenye nyumba na binti yake mmoja. Kalamu ilisimama hapo. Ningeweza kuandika "mabinti". Hakuna ambaye angejua, bibi hasomi, na ofisi haikujali kitu kingine ila mabati. Nikaandika "binti yake mmoja", nikamsomea, akaitikia kwa kichwa, akabonyeza dole gumba. Mzee wa duka akatia sahihi chini yake.

Barua ilirudi na muhuri baada ya siku kumi. Afisa mwenyewe alinipigia simu, akaniambia nisiinue paa hata inchi moja, akanitakia mvua njema. Nilifuta ule mkasi kwa msasa, ukaacha alama ya waridi ambayo ipo mpaka leo.

Fundi akaja Jumamosi. Na hapo nikafanya ujinga ambao ni mtu wa huku tu anaweza kuufanya, tena aliyekaa mbali muda mrefu. Siku ya kuezeka haalikwi mtu. Mwenye nyumba anapika, moshi unaonekana, watu wanakuja na nyundo zao na kuni zao. Ndivyo nilivyojua. Basi nikaamka alfajiri nikapika muthokoi wa watu thelathini. Nilisafisha mahindi, nikatia maharagwe, nikakaanga vitunguu, nikaazima sufuria ya kanisa. Nilipanga sahani kwenye mkeka uani.

Saa tano fundi na msaidizi wake walikuwa wamemaliza mbao. Saa sita walikuwa wameweka mabati saba. Watu walipita nje ya ua wakienda sokoni. Mwanamke mmoja wa vyumba vya kupanga alichungulia, akaona sahani, akaniuliza kwa upole, "Mama, kuna matanga?"

"Hapana," nikasema. "Naezeka nyumba."

"Aaa. Hongera," akasema, akaenda zake.

Sikumlaumu. Siku hizi paa ni kazi ya fundi, unampa chake anaweka. Lakini niliketi karibu na ile sufuria kubwa nikajisikia mpweke kuliko siku niliyomzika mama, maana siku ile angalau watu walikuja. Nilifikiri: mama alikuwa na wanawake ishirini na wanne. Mimi nina muhuri.

Pikipiki ilisimama getini karibu saa saba. Bibi alishushwa na dereva kama mzigo wa mayai, ameshika kibuyu cha plastiki cha lita tano kilichojaa maji.

"Nyumba haina paa, kwa hiyo haina maji," alisema, akanikabidhi. "Wengine wako wapi?"

"Hakuna wengine, mama."

Aliangalia mkeka, sahani, sufuria. Hakunipa pole. Alivuta kigoda, akaketi chini ya ngazi, akala sahani mbili, akamwambia fundi mfereji wake umepinda, na umepinda kweli. Kisha akayatazama mabati ya zamani yaliyoegemezwa ukutani, moja baada ya jingine, akitaja wenyewe kwa majina, mpaka akafika kwenye nyayo za kuku.

"Hili nitaondoka nalo," alisema. "Banda langu linavuja."

"Ni lako."

"Najua ni langu." Kisha akanyoosha mkono kwenye boksi la misumari, akachota konzi, akanionyesha pale chini karibu na miguu yake. "Keti. Shika."

"Fundi ana mfuko wa misumari kiunoni, mama."

"Nimekuuliza?"

Niliketi chini na magoti yangu haya, nikatandaza leso mapajani, akanimwagia misumari. Fundi alikuwa ametusikia. Alishuka ngazi na mfuko wake umejaa, akainama, akachukua msumari mmoja kwenye leso yangu, akapanda. Akashuka tena akachukua mwingine. Nililia mbele yao wote na sikuona haya. Bibi alinitazama vizuri, uso mzima, mpaka akaridhika.

"Wakija kuniuliza tena," alisema, "nitawaambia ulikuwepo."